Kupima Mwezi kwa Punje ya Mbaazi

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

  Leo tutazungumza habari ya ukubwa wa vitu tunavyoviona mbinguni wakati wa usiku, yaani mwezi, sayari na nyota. Msiogope. Somo hili halihitaji darubini wala hesabu ngumu. Lahitaji punje moja ya mbaazi kavu, njiti ya ufagio, uzi kidogo, na sarafu moja. Mwalimu wa darasa na ahakikishe kuwa kila kikundi kinavyo vitu hivyo.

Kwanza nawauliza swali. Mwezi mpevu, ule wa usiku wa kumi na nne, ukiutazama una ukubwa gani? Andikeni jibu katika daftari zenu. Maneno mawili yatosha.

Nadhani najua mlivyoandika. Mmoja ameandika "kama sinia". Mwingine "kama ungo". Mwingine "kama sahani", na labda yuko aliyeandika "kama sarafu". Sasa tazamaneni. Mwezi ni mmoja, nanyi nyote mmeuona tangu utoto wenu, lakini majibu yamepishana kama vile sinia na sarafu. Nani kati yenu amesema kweli?

Hatuwezi kujua, maana majibu yote yamepungukiwa na kitu kimoja. Aliyesema sinia hakutuambia sinia hilo liko wapi. Limeshikwa mkononi? Limewekwa mlangoni? Au limetundikwa juu ya mnazi ng'ambo ya shamba? Sinia lililo mkononi laweza kukufunika uso wote. Sinia hilo hilo likiwa ng'ambo ya shamba, kidole kimoja chalifunika.

Jambo hili twalijua sote njiani. Mtu akija kwa mbali huonekana mdogo kama kijiti. Akikaribia hukua, hata akifika mbele yako amekuwa mtu mzima. Hatusemi kwamba amenenepa njiani! Twajua kwamba umbali umepungua. Kwa hiyo kila kitu kina ukubwa wa namna mbili. Uko ukubwa wake mwenyewe, ambao twaupima kwa rula au kwa kamba, nao haubadiliki. Tena uko ukubwa wa machoni, yaani nafasi ambayo kitu hicho chaichukua mbele ya macho yako, nao hutegemea umbali. Tukitazama mbinguni, macho hutupa ule wa pili tu. Hayatuambii ule wa kwanza hata kidogo.

Sasa chukueni sarafu. Kama ina upana wa sentimita 2 na nusu, ibandike ukutani, kisha urudi nyuma mita 2 na robo tatu. Itazame kwa jicho moja. Hapo sarafu ile yachukua machoni pako nafasi ile ile ambayo mwezi waichukua mbinguni. Sinia lenye upana wa sentimita 50 lapasa kuwekwa mbali mita 55 ili lilingane na mwezi. Ungo wa sentimita 60 uwe mbali mita 66. Je, mmeuona mpango wake? Kitu chochote, ukikiweka mbali mara 110 ya upana wake, kitakuwa sawa na mwezi machoni.

Na mwezi wenyewe je? Upana wake ni kilomita 3,474. Zidisheni kwa 110, nanyi mtapata kilomita 382,140. Wataalamu waliopima kwa vyombo vyao wasema kwamba mwezi, kwa wastani, uko mbali nasi kilomita 384,400. Hesabu ya daftari yenu yakaribiana nayo sana. Kwa hiyo wa sinia na wa sarafu wote wawili waweza kuwa wamesema kweli, mradi kila mmoja aongeze umbali wake.

Huu ukubwa wa machoni hupimwa kwa kipimo kiitwacho digrii. Mzunguko mzima, ukigeuka mpaka urudi ulipoanza, una digrii 360. Toka upeo wa macho, pale mbingu inapoonekana kama imegusa ardhi, mpaka utosini juu ya kichwa chako, ni digrii 90. Nyosha mkono wako mbele, ukunje ngumi. Upana wa ngumi hiyo ni kama digrii 10. Jaribuni sasa hivi: wekeni ngumi moja juu ya upeo wa macho, ya pili juu yake, na ya tatu, mpaka mfike utosini. Mtahesabu ngumi tisa au karibu na tisa. Mtu mwenye ngumi kubwa kwa kawaida ana mkono mrefu pia, kwa hiyo kipimo hiki hakiwadhulumu wadogo wala wakubwa.

Kidole cha mwisho, mkono ukiwa umenyoshwa, chafunika kama digrii 1. Na mwezi je? Nusu digrii tu. Maana yake ni kwamba ukipanga miezi, mmoja juu ya mwingine, toka upeo wa macho mpaka utosini, itaingia mingapi? Bahatisha kwanza. Ishirini? Hamsini? Itaingia 180.

Najua kwamba wengi hamtaamini, nanyi msiamini kwa sababu redio imesema. Twaeni punje ya mbaazi, mwibandike kwenye ncha ya njiti ya ufagio kwa nta au kwa utomvu. Fungeni uzi kwenye njiti, na mwisho wa pili wa uzi muushike kwa meno, urefu uwe kama sentimita 60. Uzi ukikazwa, umbali kati ya jicho na mbaazi haubadiliki, na hilo ndilo jambo kubwa katika kupima. Usiku fumbeni jicho moja, mweke mbaazi mbele ya mwezi. Punje ndogo ile itaumeza mwezi mzima. Ikiwa imezidi au imepungua kidogo, chagueni punje nyingine mpaka mpate ile iliyo sawasawa.

Uzi wa kushikwa kwa meno si uvumbuzi wangu. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliosafiri kwa majahazi kati ya pwani yetu, Arabuni na Bara Hindi walikuwa na kibao kidogo chenye kamba ya mafundo, wakikiita kamal. Nahodha alishika fundo kwa meno, akalinganisha kibao na kimo cha nyota juu ya bahari, akajua amefika kaskazini au kusini kiasi gani. Kipimo chao kilikuwa kidole, kwa Kiarabu isba, ambacho ni zaidi kidogo ya digrii moja na nusu. Watu hao waliyaona maajabu mengi baharini, lakini katika kutafuta bandari hawakutegemea macho matupu.

Sasa tuje kwenye jambo linalowapumbaza watu wengi kuliko yote. Mwezi mpevu ukichomoza jioni nyuma ya miti huonekana mkubwa ajabu, mwekundu, kama kwamba umekuja jirani. Saa sita za usiku, ukiwa juu, huonekana umekuwa mdogo. Watu husema, "Ulipochomoza ulikuwa karibu." Je, ni kweli?

La, si kweli. Upime kwa mbaazi ile ile, uzi ule ule, mara mbili: unapochomoza na unapokuwa juu. Mbaazi itaufunika vile vile mara zote mbili. Haukupungua hata kidogo ambacho wewe waweza kukiona.

Tena ukweli umekwenda kinyume cha macho. Chukua chungwa, ulifanye kuwa dunia, na uchore alama ya wino ubavuni mwake; hapo ndipo ulipo wewe. Mweke mwenzako mbali kidogo awe mwezi. Alama ikiwa ukingoni mwa chungwa, yaani wakati wa mwezi kuchomoza, iko mbali zaidi na mwenzako. Zungusha chungwa polepole mpaka alama imwelekee sawasawa. Sasa mwezi uko utosini, na alama imemkaribia kwa nusu ya unene wa chungwa. Nusu ya unene wa dunia ni kama kilomita 6,400. Basi mwezi wa utosini uko karibu nasi zaidi kwa kilomita kama 6,400 kuliko mwezi unaochomoza, na upana wake machoni umezidi kwa sehemu kama moja katika 60. Ni kidogo mno kwa jicho. Lakini ukweli ndio huo: ule unaoonekana jitu ndio ulio mdogo.

Kwa nini basi twadanganyika? Zamani sana mtaalamu wa Misri aitwaye Ptolemy alidhani kwamba mivuke ya hewani ndiyo inayoukuza mwezi. Lakini hewa haiukuzi. Kama inafanya lolote, huubonyeza, na ndiyo sababu mwezi ulio chini kabisa mara nyingine huonekana kama yai lililolazwa. Miaka kama elfu moja iliyopita, mtaalamu Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kuandika kitabu kikubwa juu ya mambo ya kuona, alisema kwamba kosa haliko mbinguni. Liko katika akili ya mtazamaji. Ukitazama chini kuna miti, nyumba na vilima, na akili huhesabu kwamba kitu kilicho nyuma ya vyote hivyo kiko mbali sana, kwa hiyo lazima kiwe kikubwa. Ukitazama juu hakuna kitu cha kulinganisha. Wataalamu wa siku hizi wangali wanabishana juu ya namna akili inavyofanya hesabu hiyo, lakini wote wamekubaliana kwamba kosa ni la akili. Kama wataka kucheka kidogo, ugeuzie mwezi mgongo, uiname, uutazame kupitia katikati ya miguu yako. Watu wengi wakifanya hivyo huona mwezi umesinyaa papo hapo. Afadhali ufanye pasipo majirani.

Kabla ya kuondoka kwenye mwezi, liko neno moja juu ya mwezi mchanga. Wakati wa kuandama kwa mwezi husikika mabishano. Mmoja hutazama magharibi akasema, "Mwezi huu mnene, ni wa jana, nyinyi mmekosa kuuona." Mambo ya kufunga na kufungua yana wenyewe wa kuyaamua, nami sitayagusa. Nitasema habari ya unene tu. Upana wa mwezi wenyewe ni ule ule siku zote. Kinachoongezeka ni sehemu iliyopata mwanga wa jua. Mwezi huliacha jua nyuma kama digrii 12 kila siku. Tuseme mwezi mmoja ulizaliwa alfajiri, na jua la siku ile lilipozama ulikuwa na saa 12 tu. Ni mwembamba mno, hauonekani. Jioni ya pili una saa 36, na ndipo waonekana kwa mara ya kwanza. Mwezi mwingine waweza kuonekana kwa mara ya kwanza ukiwa na saa 20. Wote wawili ni wa usiku wa kwanza kuonekana, lakini mmoja ni mnene kuliko wenzake mara tatu, maana umri ukizidi mara mbili, unene huzidi kama mara nne. Basi unene peke yake si ushahidi kwamba mwezi ulionekana jana.

Sasa tuligeukie jua kidogo, ingawa si kitu cha usiku, kwa sababu kuna ajabu hapo. Upana wa jua ni kama kilomita 1,392,000, yaani kama mara 400 ya mwezi. Lakini umbali wake nao ni kama mara 400. Kwa hiyo machoni petu jua na mwezi ni karibu sawasawa, nusu digrii kila kimoja. Ndiyo sababu mwezi waweza kulifunika jua likapatwa.

Lakini si kila mara hulifunika lote. Njia ya mwezi si duara kamili. Mara nyingine mwezi hufika karibu, kama kilomita 357,000, na mara nyingine huenda mbali, kama kilomita 406,000. Tarehe 1 Septemba 2016 watu wengi walikwenda Rujewa, wilaya ya Mbarali katika mkoa wa Mbeya, kuona kupatwa kwa jua. Siku hiyo mwezi ulikuwa mbali, na upana wake machoni ulipungua kuliko wa jua kwa sehemu kama tatu katika mia. Ulipopita katikati haukutosha kulifunika. Karibu na saa sita mchana ikabaki pete ya moto kuzunguka duara jeusi, kwa muda wa karibu dakika tatu. Sehemu tatu katika mia zilitosha kuleta pete badala ya giza.

Tarehe 2 Agosti 2027 itakuwa kinyume. Mwezi utakuwa karibu, na jua litafunikwa lote katika njia nyembamba itakayopita Luxor huko Misri, Jeddah na Makka, kisha Yemen na ncha ya Somalia. Mahali ambapo giza litadumu zaidi litazidi dakika sita. Sisi wa Kenya na kaskazini ya Tanzania tutaona jua limemegwa upande mmoja tu, na hilo ndilo la hatari. Sikilizeni vizuri. Jua lililomegwa halichomi kidogo kuliko jua zima. Nyuma ya jicho kuna ngozi nyembamba ipokeayo picha, nayo haina uchungu. Yaweza kuungua huku mtu anatazama na kufurahi, asijue mpaka saa nyingi baadaye, aonapo doa jeusi katikati ya kila kitu anachotazama. Miwani ya kawaida ya jua haisaidii. Kioo kilichopakwa masizi hakisaidii, wala picha ya eksirei, wala maji katika beseni. Iko miwani maalumu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Asiye nayo asitazame, na awazuie watoto.

Lakini kulipima jua bila kulitazama ni kazi rahisi. Toboa karatasi ngumu tundu dogo kwa sindano. Ulipe jua mgongo, ushike karatasi hiyo juu ya bega, na mwanga upitie tunduni uangukie karatasi nyeupe mbele yako. Utaona kiduara cha mwanga. Usidhani ni umbo la tundu. Ni picha ya jua lenyewe. Karatasi mbili zikiachana mita 1 na sentimita 10, kiduara huwa na upana wa sentimita 1 hivi. Ile 110 yetu imerudi tena! Hata mwembe hufanya kazi hii. Viduara vya mwanga mnavyoviona kivulini, penye majani mengi, ni picha za jua zilizopita kwenye vinafasi vya majani. Jua likimegwa, navyo humegwa. Jua likiwa pete, chini ya mti hutandazwa pete tupu.

Haya, turudi usiku. Sayari kama Zuhura, Mushtarii na Mirihi ni kubwa zenyewe, lakini machoni ni ndogo kupita kiasi. Kuzipima twahitaji kuigawa digrii. Digrii moja hugawanywa katika dakika 60, na kila dakika katika sekunde 60. Hizi si dakika za saa. Ni vipande vya digrii tu. Mwezi una upana wa dakika kama 31. Jicho zima la mtu laweza kutambua umbo la kitu kisichopungua dakika 1 hivi. Kilicho chini ya hapo huonekana kama nukta. Mushtarii, ambayo upana wake ni zaidi ya mara 40 ya mwezi wetu, haifiki sekunde 51 hata ikiwa karibu kabisa. Zuhura ikitukaribia sana hugusa dakika moja, lakini wakati huo iko karibu na jua na ni vigumu kuitazama. Ile inayowaka magharibi jioni hata ikatiwa shaka kuwa taa ni angavu, si pana.

Na hapa nina neno kwa wenye simu. Kila mwaka, Agosti ikikaribia, huzunguka ujumbe usemao kwamba usiku fulani Mirihi itaonekana kubwa kama mwezi mpevu, na kwamba mbinguni kutakuwa na miezi miwili. Watu hutumiana, na mtu mzima aweza kuwakesheza watoto wake uani bure. Chanzo chake ni cha kweli. Tarehe 27 Agosti 2003 Mirihi ilitukaribia kuliko ilivyopata kutukaribia kwa miaka karibu 60,000; ilikuwa mbali kilomita milioni 56 hivi. Ikaandikwa kwamba mtu akiitazama kwa darubini ikuzayo mara 75, ataiona kama mwezi uonwavyo kwa macho matupu. Wapokezi wakaipokea habari, wakaitupa darubini njiani, wakabaki na mwezi.

Ninyi sasa mnaweza kuupima ujumbe huo kwa kalamu. Upana wa Mirihi ni kama kilomita 6,800. Ili ilingane na mwezi machoni, lazima umbali wake uwe mara 110 ya upana huo. Zidisheni: kilomita 748,000. Lakini hata katika mwaka ule wa 2003 ilikuwa mbali kilomita milioni 56. Gawanyeni milioni 56 kwa 748,000, mtapata karibu 75, na hiyo ndiyo ile 75 ya darubini. Mtu anayejua kuzidisha na kugawanya hahitaji kukesha.

Nyota ni habari nyingine kabisa. Watu husema nyota hii kubwa, ile ndogo, lakini machoni hakuna nyota yenye upana wowote isipokuwa jua. Tofauti tunayoiona ni ya mwangaza. Nyota angavu humwagika machoni ikaonekana nene, kama taa ya gari usiku kwa mbali inavyoonekana mpira wa moto. Mnazijua zile nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja, zinazokuwa juu sana jioni za Januari? Upande wa kaskazini wake iko nyota nyekundu iitwayo Betelgeuse. Upana wake mwenyewe ni mamia ya mara ya jua letu. Mwaka 1920, kule California, Michelson na Pease walifaulu kuipima kwa darubini yenye kioo cha mita 2 na nusu, wakiwa wameongeza juu yake boma la chuma lenye vioo vingine. Walipata karibu sehemu moja katika 20 ya sekunde moja. Ni kama kuitazama sarafu yenu iliyoko Chalinze hali ninyi mko Dar es Salaam.

Udogo huo ndio sababu nyota humetameta. Mwanga wake waja kama uzi mmoja mwembamba, na hewa ikitikisika uzi wote hutikisika. Sayari ina upana kidogo, mwanga wake ni nyuzi nyingi, huu ukienda huku ule waenda kule, kwa hiyo hutulia. Ukitaka kujua kama taa ile ya mbinguni ni sayari au nyota, tazama kama inatulia.

Lakini msidhani kwamba mwezi ndio mpana kuliko vyote usiku. Kilimia, ambacho wakulima wetu wamekitazama tangu zamani kwa ajili ya majira ya kulima, huonekana kama kishada kidogo tu. Kipimeni kwa mbaazi. Nyota zake angavu peke yake zimetanda digrii 1, yaani miezi miwili ubavu kwa ubavu. Mstari wa zile nyota tatu una urefu wa miezi mitano na zaidi. Na mtu aliye mbali na taa za mji, jioni za Desemba mpaka Februari, akitazama kusini usiku usio na mwezi, ataona kama wingu jeupe lisilosogea. Hilo ni Wingu Kubwa la Magellan, kundi la nyota zisizohesabika, na upana wake ni kama digrii 10, ngumi nzima, miezi 20! Upande wa kaskazini, jioni za Novemba, liko kundi la Andromeda, lenye urefu wa digrii kama 3. Macho matupu huona sehemu yake ya katikati tu, kama doa la ukungu. Vitu hivi vina upana mkubwa lakini mwanga haba, ndiyo maana watu hupita chini yake maisha yao yote wasivione.

Kazi ya nyumbani ni hii. Mwezi mpevu ujao, upimeni kwa mbaazi unapochomoza, halafu kabla ya kulala. Andikeni saa ya kila kipimo, na kama punje iliufunika sawasawa, ilizidi, au ilipungua. Kisha pimeni ule mstari wa nyota tatu, ukiwa mbinguni, mwandike ni punje ngapi. Usiku wa kumi na nne mbingu ikiwa na mawingu, ngojeni wa kumi na tano. Upana wa mwezi hautakuwa na tofauti ya kuonekana. Mwalimu atazikusanya daftari. Kwaherini.